Modeli ya kauri inapopasuka vibaya: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Wanaoiga kwa kompyuta kupasuka kwa kauri zenye punje nyingi (fuwele ndogo ndogo zilizoshikana) huleta malalamiko yanayofanana, awe mwanafunzi wa uzamili Tengeru au mhandisi wa Moshi anayetaka kujua kwa nini matofali ya moto ya boila yanachanika. Hesabu inakwama, modeli inameguka yote kwa mpigo, au inabeba mzigo ambao hakuna kauri ya kweli ingeubeba. Mara nyingi solva, sehemu ya programu inayotatua milinganyo, haina kosa lolote. Kosa liko kwenye yuniti, ukubwa wa elementi (vipande vidogo ambavyo modeli imegawanywa) au mwelekeo wa fuwele, na hayo yote hukaguliwa kwa kalamu na kikokotoo kabla ya kuwasha hesabu nyingine ya usiku kucha.

Mifano yote hapa ni ya alumina (oksidi ya alumini) safi kwenye joto la kawaida: moduli ya Young, yaani ukakamavu wa nyenzo (E), GPa 390, uwiano wa Poisson (ν) 0.23, msongamano kg/m³ 3,900, ukinzani wa ufa (K) MPa√m 3.5. Nishati ya kupasuka, G = K²(1−ν²)/E, inatoka J/m² 30 hivi. Vipande halisi vikijaribiwa kwa kupinda huvunjika kwenye MPa 300 hadi 400. Ukiwa na kauri nyingine, badilisha tarakimu, lakini hatua ni zile zile.

Dalili: modeli haipasuki kabisa, au inasambaratika kwenye hatua ya kwanza

Anza na yuniti. Abaqus, programu ya hesabu za elementi, na nyingi za aina yake hazijui yuniti; zinapokea namba tu. Ukitumia milimita, nyutoni na MPa, nishati ya J/m² 30 inaandikwa 0.03, na msongamano ni 3.9e-9. Ukitumia mikromita, mikronyutoni na MPa, nishati hiyo hiyo inaandikwa 30, na msongamano unakuwa 3.9e-15, muda ukibaki kwenye sekunde. Anayeandika 30 kwenye modeli ya milimita amefanya mipaka ya punje kuwa migumu kupasuka mara 1,000, naye atashangaa ufa hauonekani. Anayeandika 0.03 kwenye modeli ya mikromita ataona punje zinaachana kama mchanga mkavu.

Jaribio la kuthibitisha ni dogo. Tengeneza vitofali viwili, weka elementi moja ya mshikamano (kiungo chembamba kinachoshika pande mbili na kuachia mkazo ukizidi) katikati, vuta. Kilele cha grafu ya mkazo dhidi ya mwachano lazima kiwe nguvu uliyoandika, na eneo chini ya grafu lazima liwe G, tofauti isizidi asilimia 1. Kama jaribio hili halitoki, usiguse modeli kubwa.

Yuniti zikiwa sawa, kagua umbali wa mwachano. Kwa sheria ya mstari ulionyooka, mpaka unaachana kabisa ukifika δ = 2G/σ, σ ikiwa nguvu ya mpaka. Mpaka wenye G ya J/m² 10 na nguvu ya GPa 1 unaachana kwenye nanomita 20. Mwachano wa kufikia kilele, yaani σ gawanya kwa ukakamavu wa elementi, lazima uwe mdogo kuliko huo. Ukiwa mkubwa, sheria yako haina mteremko na programu itaikataa, au itakupa upuuzi.

Sababu ya tatu haitokei sana ila inapoteza muda mwingi: nodi (nukta za pembe za elementi) zimerudufiwa kwenye mipaka lakini elementi za mshikamano hazikushika pande zote mbili, au namba za nodi zimepangwa kinyume, hivyo elementi inaona kuvutwa kama kubanwa. Endesha uchambuzi wa mitetemo ya asili bila kufunga modeli mahali popote. Kipande kimoja cha 3D kilicho huru kina mitetemo sita tu yenye masafa ya sifuri. Ukipata 12, kuna vipande viwili visivyoshikana.

Dalili: hesabu inakwama katikati, hatua zinazidi kuwa ndogo mpaka programu inaacha

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndipo watu wanapoharibu matokeo kwa kutafuta njia ya mkato.

Kwanza tazama mzigo unavyowekwa. Ukisukuma kwa nguvu badala ya kusogeza kwa umbali, pindi ufa unapoanza kukimbia hakuna usawa tena wa kuutafuta. Solva inatafuta kitu ambacho hakipo. Badilisha uwe umbali wa kusogeza. Kuna hali ambapo hata umbali hautoshi, kwa sababu kauri iliyohifadhi nishati nyingi hurudi nyuma kwa ghafla inapopasuka. Hapo tumia mbinu ya urefu wa tao (inayofuata grafu hata mzigo na umbali vikirudi nyuma), au ongoza hesabu kwa upana wa mdomo wa ufa, au nenda kwenye hesabu ya mwendo halisi.

Pili, tazama meshi, yaani mtandao wa elementi, hasa kama punje zimetengenezwa kwa migawanyo ya Voronoi (kila punje inachukua eneo lililo karibu zaidi na nukta yake). Migawanyo hiyo huzaa kingo fupi mno, wakati mwingine chini ya asilimia 1 ya kipenyo cha punje, na kila ukingo mfupi unazaa elementi zilizobanwa kama sindano. Neper, programu ya kutengeneza punje na meshi, ina chaguo la kusawazisha kingo hizo:

neper -T -n 100 -reg 1

Fanya hivyo kabla ya kutengeneza meshi, kisha fungua takwimu za ubora na uziangalie elementi mbaya kumi moja moja. Ramani nzima kwenye skrini haitakuonyesha kitu. Zikijikusanya mahali ambapo hesabu inakwama, umeshapata jibu.

Tatu, linganisha ukubwa wa elementi na eneo la mshikamano lililo mbele ya ncha ya ufa. Urefu wake ni takriban E′G/σ², E′ ikiwa E/(1−ν²), hapa GPa 412. Mpaka wenye G ya 10 na σ ya GPa 1 una eneo la mikromita 4 hivi. Unahitaji angalau elementi tatu ndani yake, tano ni bora, kwa hiyo elementi isizidi mikromita 0.8 hadi 1.4. Ukipandisha σ hadi GPa 3 kwa ajili ya ndani ya punje yenye G ya 30, eneo linashuka hadi mikromita 1.4 na elementi inapaswa kuwa 0.3 hadi 0.5. Wengi wanaopandisha nguvu ya mpaka ili "ifanane na uhalisia" hawajui kwamba wamedai meshi nyembamba zaidi kwa mraba wa ongezeko hilo. Kama kompyuta haibebi, ni halali kupunguza σ huku G ikibaki ile ile, maadamu unachotafuta ni njia ya ufa mrefu na si mahali ufa unapozaliwa.

Nne ndipo uguse unato wa kusaidia hesabu, ule mgawo mdogo unaochelewesha uharibifu ili solva ipumue. Unafanya kazi, na ndiyo maana unadanganya. Anza na thamani ndogo sana ukilinganisha na muda wa hatua nzima, mfano 1e-5 kwa hatua ya muda wa 1, kisha chora nishati iliyoliwa na unato (ALLCD kwenye Abaqus) pamoja na nishati ya kupasuka yenyewe (ALLDMD). Unato ukila zaidi ya asilimia 5 ya nishati ya kupasuka, kilele cha grafu yako ni cha unato. Punguza mara kumi, endesha tena. Kilele kikishuka waziwazi, matokeo ya mwanzo hayafai kuandikwa popote.

Yote yakishindikana, hamia hesabu ya wazi ya mwendo, inayosonga kwa hatua fupi za muda bila kutafuta usawa kila hatua. Hiyo haikwami, ila ina gharama yake. Sauti husafiri ndani ya alumina kwa km/s 10.8 hivi; elementi ya mikromita 0.5 inadai hatua ya muda ya pikosekunde 46 au chini. Modeli ya mikromita 100 huvukwa na wimbi kwa nanosekunde 9, na ili mzigo uhesabike kuwa wa polepole, chukua angalau mara 100 ya hapo, yaani mikrosekunde 1 hivi. Hizo ni hatua elfu 20 na ushee, kazi inayowezekana. Kabla ufa haujaanza, nishati ya mwendo isizidi asilimia 5 ya nishati ya ndani. Ufa ukishaanza kukimbia itapanda, na hilo ni la kweli kwa kauri.

Simama hapa kama umepitia yote manne na bado inakwama mahali pale pale. Usiendelee kubadilisha mipangilio ya solva kwa kubahatisha. Peleka faili la ujumbe, picha ya eneo husika na grafu za nishati kwa mtu wa mekanika ya mipasuko, awe msimamizi wako au mhadhiri wa mekanika. Mwenye uzoefu huona tatizo kwenye grafu za nishati haraka kuliko kwenye maelezo marefu.

Dalili: modeli ni laini kuliko kauri yenyewe

Mteremko wa mwanzo unakupa GPa 330 wakati uliandika 390. Elementi za mshikamano zimekaa kama springi kati ya punje, na zikiwa dhaifu zinaongeza mnyumbuko wao. Ukakamavu wa springi ukiandikwa K = αE/h, h ikiwa umbali kati ya mpaka na mpaka, moduli inayoonekana ni E gawanya kwa (1 + 1/α). Kwa α ya 10 unapoteza asilimia 9. Kwa 50 unapoteza asilimia 2, na hiyo inatosha. Kwa punje za mikromita 5, K ya α 50 ni MPa 3.9e6 kwa kila mikromita.

Angalia h yako ni ipi. Elementi za mshikamano zikiwa kwenye mipaka ya punje tu, h ni kipenyo cha punje. Zikiwa kati ya kila elementi na jirani yake ili ufa upite popote, h ni ukubwa wa elementi, na K ya zamani itakuwa ndogo mno. Kupandisha K kupita kiasi nako hakufai: mkazo kwenye mipaka unaanza kuyumba juu-chini kati ya nodi na nodi, na hatua ya muda kwenye hesabu ya wazi inapungua.

Dalili: ukakamavu unabadilika kwa mwelekeo usioeleweka, au punje zote zinaonekana kulala upande mmoja

Kosa la kwanza ni mpangilio wa vijenzi vya mkazo. Vitabu vingi huorodhesha 11, 22, 33, 23, 13, 12. Abaqus inataka 11, 22, 33, 12, 13, 23. Kati ya namba za ukakamavu wa fuwele, alumina ina C44 ya GPa 147 hivi, na C66, ambayo ni nusu ya tofauti ya C11 na C12, ni 167 hivi. Ukizibadilishana hakuna kinacholipuka, matokeo yanapinda kidogo tu, na hiyo ndiyo hatari yake. Kagua kwa punje moja: ivute kwa mhimili wa c wa fuwele, kisha kwa mhimili wa a ulio mraba nao, linganisha na hesabu ya mkono.

La pili ni pembe za Euler, zile tatu zinazotaja mwelekeo wa kila punje. Digrii zimeingizwa panapotakiwa radiani. Mzunguko umeandikwa kinyume. Au, na hili limeenea sana, pembe ya katikati Φ imechaguliwa kwa usawa kati ya 0 na 180. Ukifanya hivyo mihimili ya c inajazana kuzunguka ncha za dunia ya mielekeo. Chagua cosΦ kwa usawa kati ya −1 na 1, pembe mbili nyingine kwa usawa kati ya 0 na 360.

Dalili: modeli inabeba GPa 3, maabara inasema MPa 350

Modeli yako haina dosari, kipande cha kweli kinazo. Kwa ukinzani wa ufa wa 3.5 na ufa wa juu wenye kina cha mikromita 25, nguvu ni 3.5 ÷ (1.12 × √(π × 25e-6)), yaani MPa 350 hivi. Dosari za namna hiyo huachwa na kusaga, na vitundu, na punje moja iliyokua kupita wenzake. Modeli ya punje 30 za mikromita 5 haina hata nafasi ya kuweka ufa huo.

Tiba mbaya iliyozoeleka ni kushusha nguvu ya mipaka hadi grafu ilingane na maabara. Tafadhali usifanye. Utakuwa na namba sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na siku ukibadilisha ukubwa wa punje modeli itatabiri kinyume. Weka dosari yenye ukubwa uliopimwa kwenye darubini, ongeza eneo, au tumia meshi nzito karibu na dosari na nyepesi mbali nayo. Kumbuka pia kwamba maabara haitoi namba moja. Nguvu ya kauri hutawanyika kwa takwimu za Weibull, na kwa alumina moduli ya Weibull (ikiwa ndogo, mtawanyiko ni mkubwa) karibu 10 ni ya kawaida, kwa hiyo linganisha mtawanyiko na mtawanyiko.

Dalili: ufa unafuata mipaka tu, au unakata punje tu

Uwiano wa G ya mpaka kwa G ya ndani ya punje ndio unaoamua. Kwa ufa unaogonga mpaka kwa pembe ya 90 kati ya pande zenye ukakamavu sawa, kazi ya He na Hutchinson ya 1989 inatoa kizingiti cha robo hivi: chini ya hapo ufa unageuka, juu ya hapo unapenya. Pembe zikiwa za mshazari kizingiti kinapanda. Kama hukuweka elementi za mshikamano ndani ya punje, ufa hauna njia nyingine, na usiandike kwamba modeli "imetabiri" mpasuko wa mipakani. Kama meshi ya ndani ya punje imenyooka kwa mistari, ufa utafuata mistari hiyo, basi ivuruge meshi.

Modeli za 2D huzidisha jambo hili, maana ufa hauwezi kuzunguka punje kwa chini au kwa juu.

Dalili: umepoza kauri kutoka tanuruni na hakuna mkazo wowote, au mkazo ni mkubwa ajabu

Alumina hutanuka takriban 8.9e-6 kwa kila nyuzi kwenye mhimili wa c, na 8.1e-6 kwa upande wa a. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha mkazo unaobaki ndani baada ya kupoa. Ukiwa umeandika mgawo mmoja kwa pande zote, kauri inasinyaa sawasawa na mkazo ni sifuri. Programu iko sahihi, data siyo. Ukiwa umeandika migawo miwili na bado ni sifuri, mihimili ya punje haijafungwa kwenye nyenzo.

Mkazo wa GPa 7 kila mahali nao una maana yake: umefunga pande zote za modeli. EαΔT ÷ (1−2ν), α hapa ikiwa mgawo wa kutanuka na ΔT mpoo, kwa mpoo wa nyuzi 1,180 inatoa namba hiyo hiyo. Fungua kingo, zuia tu kusogea na kuzunguka kwa kipande kizima. Mkazo unaotarajiwa ni wa wastani wa MPa 100 hivi, na vilele vikubwa zaidi pale mipaka mitatu inapokutana. Usianze kupoza kutoka nyuzi 1,600 za tanuru. Juu ya nyuzi 1,000 hadi 1,200 hivi atomi bado zinahama na mkazo unajifuta; anzia hapo.

Jambo linalowachanganya wengi: modeli ya elastiki peke yake inatoa mkazo ule ule kwa punje za mikromita 2 na za 50. Mkazo hautegemei ukubwa. Nishati iliyohifadhiwa kwa kila eneo la mpaka ndiyo inayokua na punje, na ndiyo maana kauri za punje kubwa huchanika zenyewe zikipoa. Bila G kwenye modeli, huwezi kuliona hilo.

Dalili: nyufa kwenye sehemu iliyobanwa (wanaotumia fezi-fildi)

Fezi-fildi huchora ufa kama ukanda wa uharibifu wenye upana wa kiasi cha ℓ badala ya mstari. Hapa nishati haijagawanywa kati ya kuvutwa na kubanwa. Washa mgawanyo huo kwanza. Kisha kumbuka kwamba urefu ℓ si wa urembo: kwa modeli ya kawaida ya aina ya AT2, mkazo wa kupasuka ni 0.325 × √(EG/ℓ), kwa hiyo ℓ ya mikromita 1 inakupa GPa 1.1. Elementi isizidi nusu ya ℓ.

Dalili: kila mbegu ya nasibu inatoa jibu lake

Mbegu ni namba inayoanzisha mpangilio wa nasibu wa punje. Kwa nguvu na njia ya ufa, hiyo ni kauri ilivyo. Kwa moduli ya Young, hapana. Endesha mbegu tano. Moduli ikitofautiana zaidi ya asilimia 2, ongeza punje.

Dalili: hesabu inakufa usiku bila ujumbe wowote

Umeme umekatika au kumbukumbu imejaa. Modeli ya 3D yenye nodi laki tatu ina vigeu karibu laki tisa, na solva ya moja kwa moja hupita GB 16 kwa urahisi. Programu ikianza kuandika kwenye diski, kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili. Andika kwenye faili lako:

*RESTART, WRITE, FREQUENCY=10

Kwa hesabu ya wazi tumia NUMBER INTERVAL=20, na kazi iliyokatika iendelezwe kwa chaguo la recover. UPS ndogo ya dukani haikusudiwi kubeba kompyuta usiku mzima. Kazi yake ni kukupa dakika za kuzima vizuri, basi ipangie hiyo.

Moshi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la chumba peke yake linatosha kufanya prosesa ijipunguzie kasi. Ukiona hatua zinachukua muda mrefu mchana kuliko alfajiri, safisha vumbi kwenye feni na sinki la joto, kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. UPS iliyovimba betri, harufu ya kuungua, au soketi yenye joto: zima kwenye swichi kuu ya ukutani, usifungue kifaa, ita fundi umeme mwenye leseni. Diski inayogonga-gonga, iache. Kila jaribio la kuiwasha linapunguza nafasi ya kuokoa data.

Usichopaswa kuamua kwa modeli peke yake

Kikombe cha kihami cha laini ya umeme, bitana ya tanuru, tofali la boila, kipandikizi cha jino: hakuna kati ya hivi kinachopitishwa kwa simulesheni, hata grafu zikiwa nzuri kiasi gani. Kauri haitoi onyo kabla ya kuvunjika. Mtu akitaka kutumia matokeo yako kuongeza mzigo au kurefusha muda wa matumizi, dai kwanza vipimo vya kupinda kwa nukta nne, kwa mfano kwa kiwango cha upimaji cha ASTM C1161, vipande vya mm 3 × 4 × 45 na nafasi za mm 20 na 40, angalau 30 ili mtawanyiko wa Weibull uwe na maana, pamoja na uchunguzi wa nyuso zilizovunjika ili chanzo cha kila mpasuko kijulikane. Boila yenye ufa kwenye bitana izimwe na ikaguliwe na mkaguzi wa mitambo ya mvuke. Modeli isubiri ripoti yake, na ukubwa wa dosari alizopima uingie kwenye meshi kabla ya hesabu inayofuata.